Mikono Kwenye Usukani

Haya yalimpata rafiki yangu, dereva wa hospitali tunayemwita Kichwa Ngumu. Mchana mmoja alikuwa akipeleka mitungi ya oksijeni kwa gari jipya linalojiendesha, pembeni yake kakaa fundi mgeni aliyekuja nalo.

“Liachie, kaka. Kwetu dereva hulala mpaka afike,” fundi akasema, akakunja mikono kifuani na kusinzia.

“Laleni nyinyi! Mimi mashine siisusii usukani.”

Akazima kitufe cha kujiendesha, akashika kwa mikono miwili. Skrini, ambayo huchora kila mkono ulioshika usukani, ikachora miwili.

Wakaingia kwenye handaki. Taa zote zilikuwa zimezimika. Giza totoro, matairi tu yakivuma. Mara usukani ukapigwa pa! pa! kama kwa viganja vilivyolowa. Skrini ikachora mikono minne. Fundi alikuwa anakoroma, yake bado iko kifuani.

“Shika utakavyo,” Kichwa Ngumu akafoka, “dereva ni mimi!”

Jasho likamwingia machoni. Akainua mkono mmoja ajifute. Kwenye skrini ikabaki mitatu, na mmoja ukaanza kusogea taratibu, ukiufuata wake uliobaki usukanini.