Kaltuma Ajifunza Kupinduka

Kaltuma alikuwa muuza maziwa. Kila alfajiri alikamua ng'ombe pamoja na Abdia, wifi yake. Walichuja maziwa, wakayatia katika jerikeni za njano, wakapanda pikipiki kwenda mjini Garsen. Wateja waliwajua. Jua likipanda, maziwa yalikuwa yamekwisha.

Mwaka huu Mto Tana ulifurika. Maji yalitoka mtoni yakatambaa mbugani. Yakafunika malisho. Yakafunika barabara. Yakafunika hata uwanja wa mpira wa kijiji, zikabaki nguzo za magoli tu. Nyumba zilisalimika kwa sababu kijiji kiko mahali pa juu. Lakini Garsen sasa ilikuwa ng'ambo.

Maziwa hayangoji. Kwanza waliyagandisha, wakanywa, wakagawia majirani. Mengine yakaharibika, yakamwagwa. Kwa watu wa ng'ombe, kumwaga maziwa ni uchungu mkubwa. Kaltuma aligeuza uso asione.

Ndipo mumewe, Hirbo, alipopeleka mbuzi wawili Golbanti, kwa wakulima Wapokomo wa kando ya mto. Alirudi na mtumbwi wa zamani na makafi mawili.

Majirani walicheka. "Muorma na mtumbwi, wapi na wapi?"

"Mwaka wa njaa mtu hula asichokizoea," Hirbo aliwajibu.

Kaltuma na Abdia walianza kuvuka. Asubuhi maji yalilala kama mkeka. Waliketi juu ya ubao, migongo wima, wakapiga kafi taratibu hadi Garsen. Wakauza, wakarudi. Kaltuma alijiambia moyoni: kumbe ni kazi rahisi!

Siku moja walichelewa sokoni. Waliporudi kwenye maji, upepo wa kusi ulikuwa umeamka. Mawimbi mafupi yalikimbizana, vilele vyake vyeupe.

Pale kando alikuwa mama mmoja Mpokomo, Valentine, mzaliwa wa kijiji cha Wema anayeishi Garsen. Yeye na mumewe, Martin, walikuwa wakivusha watu. Siku hiyo walikuwa wamevuta mtumbwi wao mkubwa nchi kavu.

"Dada zangu," Valentine aliwaita, "upepo huu si wa kuchezea. Ngojeni utulie."

Kaltuma alitazama juu. "Mbona hakuna hata wingu?"

"Upepo haungoji wingu."

"Ng'ombe watakamuliwa na nani jioni? Asante, dada. Tutajikaza."

Wakatoka.

Walipofika katikati, upepo uliwapiga ubavuni. Mtumbwi ukayumba. Wimbi likamwaga maji ndani, unga walioununua ukalowa. Abdia aliogopa akasimama.

"Kaa chini!" Kaltuma alipiga kelele.

Alikuwa amechelewa. Mtumbwi uligeuka tumbo juu, wote wawili majini.

Kaltuma aliibuka akitema maji. Mkono wake uligusa mtumbwi, akaukumbatia. Abdia naye aliibuka karibu. Lakini aliona kafi likielea, likienda zake.

"Kafi! Kafi linatuacha!"

Akaanza kuliogelea. Kafi lilikwenda, naye akalifuata. Alipogeuka kurudi, mtumbwi ulikuwa mbali. Upepo ulikuwa ukiusukuma, na Kaltuma akiwa ameushikilia. Kila Abdia alipopiga mikono, nafasi kati yao ilizidi. Nguo zake zilikuwa nzito kama mchanga.

"Abdia! Abdia!" Kaltuma aliita hadi sauti ikakauka. Kisha hakumwona tena. Aliona mawimbi tu.

Valentine alikuwa hajaondoa macho kwao. Yeye na Martin walishaingiza mtumbwi majini. Walipiga kafi wamepiga magoti, kichwa cha mtumbwi kikiyaelekea mawimbi. Wakamkuta Abdia amekumbatia jerikeni tupu, macho yamemtoka. Wakampandisha. Kisha wakamfuata Kaltuma.

Kaltuma alipomwona wifi yake ndani ya mtumbwi ule, amelowa na akikohoa, alilia kwa sauti. "Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!"

Abdia alikuwa bado ameshika jerikeni, na Martin alipojaribu kuichukua, alikataa kuiachia.

Valentine na Martin waliwafikisha nyumbani, wakiuvuta mtumbwi wao nyuma, na Hirbo akasikiliza habari yote. Kisha akanyanyuka. "Mtumbwi basi. Kesho naupasua kuni."

Kaltuma hakubishana. Lakini kesho yake maziwa yalimwagwa tena, na Hirbo mwenyewe ndiye aliyeyamwaga. Shoka likabaki limeegemea ukuta.

Wakiwa hapo, Valentine akaja. Alikuwa ameliokota lile kafi, amelileta. Kulikuwa na miaka ambayo Muorma na Mpokomo hawakuombana hata moto. Kaltuma alimtandikia mkeka, akampa maziwa yaliyoganda.

"Nasikia mtumbwi utakuwa kuni," Valentine alisema.

"Ulitaka kuniulia mke na dada," Hirbo alijibu.

"Kaka Hirbo, nikuulize. Ng'ombe akimpiga mtu teke, unamchinja?"

"La. Unamwonyesha mtu pa kusimama."

Valentine akanywa maziwa yake. Hirbo akasikia alichosema mwenyewe. Akacheka kidogo bila kupenda.

"Haya, wafundishe," alisema. "Lakini nitakuwa pale nikiwatazama."

"Uwepo. Ututazamie mamba."

Walifundishwa kwenye uwanja wa mpira. Pale maji yalikuwa ya kiunoni, hayana majani marefu, na mtu akisimama golini aliona kila kitu. Hirbo alisimama hapo na fimbo yake.

"Nguo zifungeni juu, kibwebwe," Valentine alisema. "Sasa ingieni. Nani amewaambia mkae juu ya ubao? Pigeni magoti chini. Mtumbwi ni kama mtu aliyebeba mzigo kichwani. Mzigo ukiwa juu, anayumba. Ukishuka, anatulia."

Wakapiga magoti. Kweli, mtumbwi ulitulia.

"Mawimbi yakija, msiyape ubavu. Yapeni kichwa cha mtumbwi. Hata kama njia yenu ni ya kule, elekeeni mawimbi kwanza, mwende kwa mshazari."

Akawafungia makafi kwa kamba, ncha moja kwenye kafi na nyingine kwenye mtumbwi. Jerikeni tupu nazo akazifunga ndani, vifuniko vimekazwa.

"Vizuri," alisema. "Sasa pindukeni."

"Tufanye nini?" Abdia aliuliza.

"Mpinduke. Au mnataka mjifunzie katikati, upepo ukivuma?"

Abdia alirudi nyuma. Kaltuma alimshika mkono. "Tupo pamoja, wifi. Maji ya kiunoni haya." Wakaegemea upande mmoja. Chubwi!

"Shikeni mtumbwi!" Valentine aliamuru. "Usifuate kafi, usifuate unga, usifuate kitu!"

"Na kama ng'ambo ni karibu?" Kaltuma aliuliza akijipangusa uso. "Nisiogelee?"

"Usiogelee. Upepo unasukuma mtumbwi kuliko nguvu za mikono yako. Ukiuachia mara moja, umekwenda. Huu ni mti, dada yangu. Hata ukijaa maji hauzami. Tena mimi nikiwatafuta, nitaona nini kwanza? Mtumbwi. Kichwa cha mtu hakionekani kwenye mawimbi. Wewe Kaltuma tulikuona tangu mbali. Huyu Abdia tulimpata kwa ile rangi ya njano tu."

Abdia aliinama.

Kisha wakajifunza kuugeuza mtumbwi, mmoja kila upande. Wakajifunza kuteka maji kwa jerikeni iliyokatwa. Wakajifunza kupanda: mmoja anakandamiza upande wake, mwenzake anapanda upande wa pili. Mara ya kwanza ukawapindukia tena. Ya pili vilevile. Hirbo, kule golini, alisahau mamba, akawa anapiga kelele: "Kandamiza, Abdia! Kandamiza!" Mwishowe wote wawili walikuwa ndani, wakihema na kucheka.

"Sasa funzo kubwa kuliko yote," Valentine alisema. "Upepo ukiwa mkali, msitoke."

"Na ukitukuta Garsen?"

"Mtalala kwangu."

Hirbo aliuza mbuzi mwingine, akanunua majaketi mawili ya kuokolea ya rangi ya machungwa. Akawavalisha kwa mkono wake, akakaza mikanda hadi Abdia akalalamika kuwa hapumui.

Wakaanza tena. Walitoka mapema, na kabla ya kutoka walimpigia Valentine simu kumuuliza maji yakoje upande wake.

Lakini upepo ni upepo. Asubuhi moja iliyokuwa tulivu, kusi ilikuja ghafla, nao wamekwisha kupita katikati. Walipiga magoti. Wakayapa mawimbi kichwa. Walikwenda hivyo kwa muda, polepole, wakipanda na kushuka. Kisha likaja wimbi moja pana, na kabla Kaltuma hajavuta pumzi, akawa chini ya maji.

Jaketi lilimtoa juu. "Shika mtumbwi!" alilia.

"Nimeshika!" Sauti ya Abdia ilitoka upande wa pili.

Kaltuma hakuwahi kusikia neno tamu kama lile. Hofu ilimtoka, akili ikamrudia. Wakaugeuza mtumbwi. Wakateka maji. Abdia alikandamiza, Kaltuma akapanda. Kaltuma akakandamiza, Abdia akapanda. Makafi yalikuwa pale pale, yananing'inia kwenye kamba. Hata jerikeni za maziwa zilikuwa zikielea, zimefungwa kwa kamba. Wakapiga kafi hadi ng'ambo, ambako Valentine na Martin walikuwa tayari wanaingia majini kuwafuata.

Kaltuma alimpigia Hirbo kwa simu ya Valentine.

"Tumepinduka," alisema.

"Mmepinduka!" Hirbo alipiga kelele.

"Tumepinduka, tukapanda tena. Tuko Garsen. Sisi wazima, na maziwa mazima."

"Alhamdulillahi," Hirbo alisema. Kisha akasema, "Upepo bado?"

"Bado."

"Basi msirudi. Laleni huko."

Jioni ile walikula kwa Valentine, wakalala usingizi mzito. Asubuhi maji yalikuwa yametulia, wakavuka bila hata kulowa.

Hirbo alikuwa akiwangoja. Hakusubiri wafike. Aliingia majini na nguo zake zote, maji yakamfika kifuani, akashika kichwa cha mtumbwi kwa mikono miwili. Alimtazama mkewe, akamtazama dada yake.

"Mmekula?" aliuliza hatimaye.

"Tumekula," Kaltuma alijibu. "Samaki."

"Samaki! Nyinyi watu wa ng'ombe?"

"Tena tukaongezewa," alisema Abdia.

Hirbo alicheka hadi akalazimika kuegemea mtumbwi. Kisha akauvuta hadi nchi kavu, nao wakiwa ndani.