Sitara Alipoitika

Haya yalimkuta Sitara, shosti wangu anayeuza mablanketi Kariakoo, na alinisimulia mwenyewe.

Alikuwa Skotilandi kufuata mzigo. Nyumbani Mchafukoge mama yake alikuwa hoi kitandani, anasikia baridi hata jua likiwaka, basi Sitara akapita kwenye mji mmoja mdogo wa kale, kando ya mto, kumtafutia shali ya sufu. Kule, majira ya baridi, giza huingia alasiri. Alipotoka dukani kuta za mawe zilikuwa zimelowa, mto unavuma chini ya daraja, na njiani hapakuwa na mtu.

"Sitara."

Ilikuwa sauti ya mama yake, inatokea upande wa mto.

Tangu utotoni alikanywa asiitikie sauti ambayo mwenyewe haonekani. Lakini mama akiita, mdomo hausubiri. "Abee, mama."

Mto ulivuma tu.

Hajafika hotelini, simu ikaita. Alikuwa Chiku, mdogo wake, analia.

"Mama katutoka, dada. Alikuita, ukaitika hapa koridoni, wote tumekusikia. Akatabasamu, akakata roho. Sasa mbona huingii? Tumefungua mlango, hatukuoni."

Sitara aliibana shali kifuani. Kabla hajasema neno, akasikia ndani ya simu, nyuma ya kilio cha Chiku, maji ya mto yakivuma kule koridoni, na sauti yake mwenyewe ikiitika taratibu, "Abee, mama."