Daftari la Mikate Iliyolala

Asubuhi kabla ya shule nilikuwa nampimia Baba hamira. Jioni nikirudi, nilikuwa namkandia unga, naye akisimama mlangoni mwa chumba cha tanuri na kunitania, "Haya Wakili, donge limekushinda au umelishinda?" Halafu dada yake mkubwa akahamia kwetu, baada ya kiwanda alichofanyia kazi kufungwa. Tulimpisha kwenye stoo, akawekewa kitanda humo, na kazi ya kukanda akapewa yeye. Mimi nikabaki na hamira yangu ya asubuhi na kusugua mabati yenye masizi. Nilimchukia Shangazi, sifichi.

Wiki ya pili mikate ikaanza kugoma. Donge linakandwa, linafunikwa, linasubiriwa, nalo limelala tu. Mteja mmoja alirudisha mkate wake akisema ataujengea choo. Baba alitupa kitambaa sakafuni, akafoka mpaka majirani wakachungulia.

Nikaona nafasi yangu imefika. Nikatafuta daftari, nikaandika: "Jumatatu, Shangazi kakanda, mikate imelala. Jumatano, Shangazi kakanda, mikate imelala." Ilipotimia mistari tisa nikampelekea Baba.

"Tangu aje, Baba. Mkono wake mzito. Soma mwenyewe."

Baba alisoma, mishipa ya shingo ikamtoka. Akamwita palepale. "Dada, kuanzia Jumamosi usikande tena. Wateja wanatukimbia."

Shangazi alifuta mikono yake polepole. "Na mimi siwezi kukaa kwako nikila bure, mdogo wangu. Jumamosi hiyohiyo naondoka."

"Uende wapi?"

"Hilo halikuhusu!"

Kesho yake nilibeba daftari shuleni kifua mbele. Mwalimu wa sayansi alikuwa ametuagiza kila mmoja afanye uchunguzi wake. Alilisoma langu, akakunja uso.

"Siku ambazo mikate iliumuka ziko wapi?"

"Hizo hazikuwa na shida, mwalimu. Sikuziandika."

"Zilikuwa ngapi?"

"Nne. Labda tano."

"Nani alikanda siku hizo?"

Nilitazama viatu vyangu. "Shangazi."

Alilibwaga daftari mezani. "Wahenga walisema ukipenda, chongo utaita kengeza. Wewe umechukia, kwa hiyo kengeza umeliita chongo! Huu si uchunguzi, hii ni hukumu. Jibu ulikuwa nalo tangu mwanzo, ukaokota yanayokubaliana nalo na mengine ukayaruka. Anayetaka ukweli hufanya jaribio linaloweza kumwonyesha kuwa amekosea. Wewe umefanya lipi?"

Darasa zima lilinigeukia. Masikio yalinichoma kwa hasira. Nilirudi nyumbani nimeapa kumwonyesha mwalimu kwamba nilikuwa sahihi. Nikamwambia Baba tufanye madonge mawili: unga uleule, maji yaleyale, hamira ileile. Moja akande Shangazi, jingine akande yeye. Nilikuwa na hakika la Baba litaumuka na la Shangazi litalala.

Shangazi alikanda bila kuniangalia, akilibamiza donge mezani. Yakafunikwa yote mawili. Tukasubiri saa nzima. Kisha Baba akafunua.

Yote mawili yalikuwa yamelala.

Baba alilibonyeza lake kwa kidole. "Kumbe na mimi mkono wangu mzito," alisema, wala hakucheka.

Shangazi alichukua bakuli nililokorogea hamira, akalinusa. "Haina hata povu. Mkebe wake unakaa wapi?"

Nilionyesha rafu iliyo nyuma ya dohani, lile bomba la moshi, juu ya tanuri. Baba alipogusa mkebe aliuachia haraka, ulikuwa wa moto.

"Nani kaiweka hamira juu ya tanuri iungue?" alinguruma. "Ndiyo maana tukifungua mkebe mpya mikate inaumuka siku moja mbili, kisha basi! Joto linaiua!"

Ni mimi. Siku tuliyotoa vitu stoo ili Shangazi apate pa kulala, niliupeleka mkebe kule kwa kununa, na kila mkebe mpya uliofunguliwa nikauweka palepale. Mchimba kisima niliingia mwenyewe. Nilisema yote.

Baba alifungua mkebe mpya, wakakanda tena. Safari hii madonge yote mawili yalivimba mpaka yakanyanyua kitambaa. Baba akamgeukia dada yake. "Nisamehe, Dada. Niliamini karatasi kabla sijakuuliza wewe. Usiondoke."

"Sitaondoka," Shangazi alijibu. "Lakini hasira ninayo, na mtaivumilia." Kisha akanigeukia mimi. "Sikiliza, mwanangu. Kabla hujamtia mtu hatiani, tafuta kwanza kwa bidii yote kitu kitakachomtoa. Ukikikosa kabisa, hapo ndipo ufungue mdomo. Umeelewa?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi nijibu. Zile siku nne, tano, mikate ilipotoka mizuri mikononi mwangu, ulikuwa wapi na kalamu yako?"

Machozi yalinitoka. Nilikuwa palepale mezani, nikiila.