Kahawa ya Mkono wa Kushoto

"Vaa gauni la mikono mirefu. Halafu umimine kahawa, na usinune."

Aliyesema hivyo ni baba yangu mzazi, jamani. Na mkono aliotaka niufiche alikuwa ameuona jana yake, umevimba kama andazi.

Mimi ni Rudaina, wa Karak, Jordan. Mume wangu Ghassan alinibana vidole na mlango, makusudi, kisa chumvi imezidi kwenye mchuzi. Nikakimbilia kwetu.

Sasa ukoo wao umekuja kunirudisha. Wazee watupu, mbele yao Haj Mifleh, ami yake Ghassan. Kwetu mgeni mwenye ombi haonji kahawa mpaka mwenye nyumba aseme, "Kunyweni, mmepata." Akishatamka, basi. Mwaka juzi baba alitamka, nikarudishwa kupigwa tena.

Safari hii alitaka nimimine mwenyewe, ili waone nimeridhia.

Nikaingia. Nikampa Haj Mifleh kikombe... kwa mkono wa kushoto.

Wazee wakatazamana.

"Mnaiona dharau yake?" Ghassan akasema. "Ndiye huyo ninayeishi naye."

Baba akaharakisha. "Msamehe, Haj. Kunyweni, mme..."

"Subiri, Abu Nidal," Haj Mifleh akamkatiza baba, huku ananitazama mimi. "Binti yangu, wa kulia una nini?"

Nikapandisha mkono wa gauni.

"Haushiki kikombe, ami. Muulize mwanao."

Ghassan akaanza habari za upepo na mlango. Mzee hakumsikiliza. Akamgeukia baba.

"Ulijua?"

Baba akainamia zulia.

Haj Mifleh akainua kikombe, akanywa chote, wala hajaruhusiwa.

"Nimekunywa bila kupewa," akasema. "Kwa hiyo hatuna ombi tena hapa. Ghassan, nyanyuka, huyu utampa talaka yake."

Nililia sana siku ile, wala si kwa furaha. Aliyeniokoa alitoka upande wa mume. Wa kwangu alikuwa amebakiza nusu neno tu anirudishe.

Ninyi mnaosuluhisha ndoa za watu, nawaomba. Kabla hujamwambia mwanamke "rudi, vumilia," muulize akiwa peke yake, na uitazame mikono yake.

Vidole vyangu vimeshapona. Baba akiagiza kahawa nampelekea bado... kwa mkono wa kushoto.

Anapokea, anakunywa, macho kwenye zulia.