Binti wa Rwegasira, wa Maruku

Walikutana sokoni Bukoba, Jumamosi moja ya mwaka 1987, kwenye meza ya vipuri vya baiskeli. Kemilembe, mpiga taipu wa kituo cha utafiti cha Maruku, alivaa gauni la bluu lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa na alikuwa akitafuta tyubu ya baiskeli ya baba yake. Kando yake alisimama kijana mrefu aliyevaa bugaluu, suruali iliyokwisha fasheni zamani. Alikuwa akivuta waya za breki mojamoja na kuzidonoa kwa kidole, sikio ameliinamisha.

"Kaka, baiskeli yako inaimba?" Kemilembe aliuliza.

"Sina baiskeli, dada. Mimi ni Aroni, napiga gitaa la besi kwenye bendi. Nyuzi za besi hapa mjini hazipo, waya wa breki upo."

"Kwa hiyo ukipiga wewe, wachezaji wanasimama?"

Aroni alicheka mpaka mwenye meza akamtazama. Akambebea tyubu hadi stendi, ingawa tyubu haina uzito wowote.

Bendi yake ilianzishwa vita vilipokwisha, askari walipokuwa wakirudi kutoka Uganda wakiwa na hamu ya kucheza. Walikuwa watano. Ugonjwa wa ukimwi ulipoingia ulimchukua kwanza Ildefons, mwimbaji, kisha mpiga drams, kisha wapiga gitaa wawili ndani ya mwaka mmoja. Aroni alibaki na besi yake. Watu waliokuwa wakimpigia makofi sasa walimsalimia kwa mbali, wakimpimia miezi iliyobaki.

Kemilembe hakumsalimia kwa mbali. Aroni alimpigia simu kazini kutoka posta kila Ijumaa.

"Kituo cha utafiti, Maruku."

"Naomba mrembo wa taipu."

"Mrembo ana kazi. Acha ujumbe."

"Mwambie besi imemkumbuka."

"Besi haina mdomo, waitu, mwenzetu wewe."

Neno hilo lilimchoma Aroni, kwa sababu lilikuwa kweli. Miaka yote alisimama nyuma ya Ildefons bila kufungua kinywa. Siku hiyo alianza kuimba chumbani kwake, vibaya sana, na akaendelea kila siku. Kemilembe alipomsikiliza mara ya kwanza hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Unaimba kama mtu anayeomba radhi," alimwambia. Baada ya miezi sita hakuwa akiomba radhi tena, na ndipo akataka kumwoa.

"Nakupenda, Aroni, sikufichi," Kemilembe alijibu. "Lakini wenzako wanne tumewazika. Nenda hospitali ya mkoa upime damu, halafu twende kwa tata, baba yangu."

"Na wewe unanihesabu na marehemu?"

"Nakuomba upime tu, mpenzi."

Alisema atakwenda Jumatatu. Jumatatu alipanda meli ya Mwanza, akaunganisha treni ya Dar es Salaam, bila kuaga. Alikuwa na woga, basi. Kemilembe aliposikia ameondoka, aliamini amepima na amekimbia na majibu yake. Aliendelea kupiga taipu, na kwa miezi minane hakumtaja kwa mtu.

Katika studio ya Dar es Salaam, fundi mitambo alimuuliza Aroni wenzake wako wapi.

"Ni mimi tu. Besi na mdomo."

Alirekodi wimbo mmoja, wa taratibu, bila ngoma. Alitaka kila mtu ajue ni Kemilembe yupi, asichanganywe na mwingine. Basi akaimba: Kemilembe, binti wa Rwegasira, wa Maruku, Bukoba, dada wa Ndyamukama wa Mwanza na Felicitas wa Kampala, umeniacha peke yangu. Aliridhika na kazi yake, ingawa aliyeondoka ni yeye. Akapanda treni kurudi, akamwombe msamaha.

Wimbo ulipigwa redioni Jumatano jioni, mara tu baada ya matangazo ya vifo, Aroni akiwa melini ziwani. Miaka ile mtu wa kawaida hakutajwa redioni kwa jina, baba, kijiji na ndugu wa mbali ila amefariki. Kufikia asubuhi, wanawake walikuwa wakiingia kwa Rwegasira na ndizi na kuni vichwani, na wanaume wamekaa mgombani wameshika tama.

"Hajafa, waitu. Karibuni chai," Mzee Rwegasira alimwambia kila aliyefika. Shangazi mtu alikuwa amezimia mara mbili.

Aroni aliposhuka bandarini, mchuuzi wa samaki, Petronila, alimpa pole: Kemilembe amefariki, redio imesema. Akakodi gari hadi Maruku, akaingia uani na kujitupa chini akilia kwa sauti.

"Unamlilia nani?" sauti iliuliza juu yake.

Kemilembe alikuwa amesimama na birika la chai, kitenge kiunoni, hasira tele.

"Walisema... redio..."

"Redio ni wewe! Umenitangaza na ukoo mzima, ukasema nimekuacha. Ulitaka watu waelewe nini?"

Aroni aliziba mdomo kwa mikono miwili. Waombolezaji walicheka mpaka wengine wakalia upya. Kemilembe hakucheka. Alimvuta nyuma ya jiko.

"Ulipima?"

"Sikupima. Niliogopa, nikakimbia."

"Mimi nilidhani umekimbia na majibu." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Leo nimeona msiba wangu kwa macho yangu, na bado nakutaka. Kesho twende wote wawili."

"Wewe wa nini?"

"Nani amekuambia damu yangu imepimwa?"

Majibu yalichukua wiki tatu. Muuguzi aliwaita mmojammoja. Kemilembe alitoka wa kwanza, mzima. Aroni alitoka akakaa kwenye benchi la varanda, mikono magotini.

"Niambie," Kemilembe alisema.

"Sina kitu. Niko mzima."

"Aroni wangu! Jumapili uende kwa tata."

Aliitikia kwa kichwa, lakini hakuinuka.

"Tulikuwa watano, Kemi. Tulikula sahani moja. Kwa nini mimi?"

Kemilembe akakaa kando yake. Ndipo Aroni akawalilia wenzake, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao, na yeye akamwacha alie mpaka akamaliza.