Mto Usiofungwa Mdomo

Karibu chumba hiki, ila dirisha lifungue taratibu. Sufi itapaa. Hupaa hata mtu akicheka. Jua la mchana likiingia, nyuzi zake nyeupe huelea polepole, na aliyeketi husinzia bila kutaka.

Humu ndimo alimoshonea mito Mama Sufi, miaka ishirini na mitano. Alishona pande tatu. Upande wa nne aliacha wazi upana wa kiganja.

"Tia mkono, mwanangu," alimwambia kila mnunuzi. Mkono ulikuta sufi tupu, laini, yenye joto la jua. Ndipo alipoufunga mto mbele yake. Mama yake alimfundisha hivyo. Mito ya matambara ilikuwa rahisi, na kwa nje ilifanana na yake. Mkono ndio uliojua tofauti.

Siku moja aliona tangazo la serikali kwenye ukuta wa soko. Akadaka mstari mmoja: "Kila mto ufungwe pande zote kabla ya kupelekwa sokoni." Alirudi nyumbani, akafunika cherehani kwa shuka.

"Unaumwa?" aliuliza mumewe.

"Nimeachishwa kazi, mzee wangu. Na ukuta."

Siku nne hakushona. Alikaa katikati ya sufi inayoelea, akiota macho wazi. Alimwona marehemu mama yake akishona, na kila mto aliomaliza ukimponyoka, ukaenda zake kimya. Iliuma sana.

Siku ya tano aliingia jirani yake, karani wa ofisi ya mtaa, kufuata mto aliouagiza.

"Shingo yangu imepinda kama ndoano, nawe umekaa tu?"

"Mito yangu imepigwa marufuku. Imeandikwa ukutani."

Karani alitoa simu. Alikuwa na picha ya tangazo lile. "Hebu soma juu kabisa. Usirukie katikati."

Mama Sufi alifuata kwa kidole. "Ra-si-mu ya ka-nu-ni."

"Rasimu ni pendekezo, bado si sheria. Kitambaa kimechorwa chaki, mkasi haujapita. Haya, soma chini."

"Maoni ya wananchi yatapokelewa kwa siku thelathini. Loo! Na mimi nimo?"

"La, wewe ni godoro!" Karani alicheka, na sufi ikapaa. "Wanataka kuzuia matambara machafu. Nia njema, ila kazi yako hawaijui. Ukinyamaza, watadhani umeridhika."

"Mwandiko wangu hata kuku ataucheka."

"Acha acheke. Andika jina lako, unapoishi na namba ya kifungu. Kisha sema tatizo, na wewe unapendekeza nini. Hasira iache nyumbani. Ukipeleka, wakugongee mhuri kwenye nakala yako."

Mama Sufi aliandika asubuhi tatu. "Kifungu cha sita. Mto uliofungwa huficha uchafu. Naomba mnunuzi atie mkono kwanza, kisha ufungwe mbele yake. Naleta mto mmoja. Tieni mkono."

Mpokea barua ofisini alitia mkono, akausahau humo. Alipoukumbuka, akagonga mhuri.

Miezi miwili ikapita. Karani akaja na kanuni zenyewe. Si yote yalikuwa mepesi: sasa kila mto utashonewa lebo inayotaja kilichomo ndani. Lakini kifungu cha sita kilikuwa kimebadilika. Mama Sufi alikisoma mwenyewe.

"Mto waweza kuachwa wazi upana wa kiganja, mpaka mnunuzi aukague. Kisha ufungwe mbele yake."

Alikitazama kiganja chake. Machozi yalimlengalenga.

"Basi na mimi naandika," alisema mumewe. "Nataka kifungu cha kukoroma mchana."

Shuka likaondolewa kwenye cherehani. Jioni ile alifika bibi harusi mtarajiwa, akaulizia mito miwili. Alisimama mlangoni, akiona haya.

"Tia mkono, mwanangu," alisema Mama Sufi. "Ni haki yako. Imeandikwa."