Nshobole na Diski Nyeusi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nshobole alimsaidia mama yake kupanga jibini mezani. Mama Philomène aliuza jibini za Masisi, zile za mviringo zenye ganda la manjano, kando ya barabara ya Katindo mjini Goma. Nshobole alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kuchagua zile za kuwekwa mbele.

"Usidanganywe na sura," mama alizoea kumwambia. "Jibini nyepesi ina mashimo tumboni. Shika, pima na mkono. Ile inayovuta mkono chini, ndiyo yenyewe."

Kwa kupima, mtoto huyo hakuwa na mpinzani. Shida yake ilikuwa moja tu: akili haikukaa mezani. Ungemkuta amesimama, jibini mkononi, macho yameelekea ziwani, na yeye mwenyewe hayupo. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujatoka juu ya maji, na ndani ya ukungu ule Nshobole alikuwa amekwisha kufika Bukavu, mji wa ng'ambo ya ziwa.

"Weye Nshobole! Akili iko wapi?" mama aliita.

"Iko hapa, mama."

Bongo, uongo mtupu! Ilikuwa Bukavu, kwa dada yake Gisèle. Gisèle ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, akamfundisha kusuka nywele na kusoma saa. Mwaka uliopita aliolewa akahamia huko, na sasa alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minne. Nshobole alikuwa hajamwona mtoto huyo ila kwenye simu, katika picha moja, tena amelala. Mama hakuweza kuiacha meza, na mtoto wa miaka kumi na miwili hapandi boti peke yake. Basi akabaki kusafiri kwa mawazo.

Ndipo ikaja habari ya diski.

Papa Baharanyi, karani wa ofisi moja kule Himbi, alikuwa ameachiwa sanduku la diski na mgeni aliyehama. Ni diski za plastiki za kurusha. Unazirusha kutoka mbali hadi ziingie kwenye kikapu, na anayetumia mirusho michache ndiye mshindi. Vikapu alivichomelea fundi wa mtaani kwa minyororo mikuukuu ya pikipiki, vikasimamishwa sita katika uwanja wa mawe meusi ya volkano nyuma ya kanisa. Watoto wa Katindo waliupenda mchezo huo kupita kiasi.

Siku moja Papa Baharanyi akawatangazia kwamba wachezaji wanne watapanda boti pamoja naye kwenda Bukavu, kucheza na watoto wa huko. Watatu walikuwa wamekwisha kupatikana, na wa kwanza wao alikuwa Aubin, kijana wa miaka kumi na minne mwenye mabega kama ya mbeba saruji. Nafasi ya nne ingeshindaniwa Jumamosi na watoto wawili: Valentin na Nshobole.

Nshobole akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

Siku hiyo hiyo Papa Baharanyi aliwaeleza namba alizokuwa ameandika kwa kalamu chini ya kila diski. "Hii ni uzito wake kwa gramu," alisema. "Na hii ni namba ya mwendo. Sikilizeni vizuri. Namba kubwa ya mwendo haina maana kwamba diski ina mbio yenyewe. Maana yake ni kwamba inadai mkono wenye mbio. Ukiirusha polepole, inaanguka kushoto kama imechoka."

Maneno mazuri kabisa, na Nshobole aliyasikia nusu. Wakati huo alikuwa amekwisha kushuka bandarini Bukavu, na Gisèle alikuwa anamjia akicheka. Aliporudi uwanjani, wenzake walikuwa wanachagua. Akaingiza mkono sandukuni akapima kama alivyozoea. Diski ya njano: nyepesi, ya gramu mia moja na hamsini, mwendo tano. Akairudisha. Diski nyeusi: mia moja sabini na tano, mwendo kumi na mbili. Ilivuta mkono chini.

"Ndiyo yenyewe," akajisemea. Tena ilikuwa ya aina ile ile aliyorusha Aubin!

Wiki nzima alifanya mazoezi nayo. Ukingo wake ulikuwa mpana, vidole vyake vifupi havikuushika sawasawa. Kila aliporusha, diski ilikwenda hatua chache, ikainama kushoto, ikajigonga kwenye mawe. Lakini usiku kitandani diski ile ile iliruka vingine kabisa. Ilipaa juu ya ziwa zima bila kushuka, ikapita kisiwa cha Idjwi, na kule Bukavu mtoto wa Gisèle akanyoosha mikono kuidaka. Nshobole akaamini ya usiku, akayaacha ya mchana.

Jumamosi ikafika. Papa Baharanyi alikuwa na desturi yake ambayo hakumsamehe mtu. Kabla ya kila kikapu, mchezaji alisimama mbele ya sanduku, akachagua diski na kutaja sababu kwa sauti.

"Diski gani, na kwa nini?" aliuliza.

"Ya njano, papa," alijibu Valentin. "Ni nyepesi, na mimi ni mwembamba."

Watoto wakacheka.

"Nawe, Nshobole?"

"Nyeusi. Nimeizoea, papa. Inakwenda moja kwa moja."

Papa Baharanyi alimtazama kidogo, kisha akampisha. Nshobole akarusha. Diski ikainama kushoto, ikaangukia kwenye majani. Kikapu cha pili, sababu ile ile, na diski ikaangukia kushoto. Cha tatu vilevile. Alipomaliza kikapu hicho, Valentin alikuwa anaongoza kwa mirusho miwili.

Nshobole aliitoa diski yake kikapuni na kuukuta ukingo umekwaruzwa na mawe. Akaona aibu, akaona na hasira, kisha hofu ikameza vyote viwili. Vikapu vilibaki vitatu. Akiendelea kusema uongo, boti itaondoka bila yeye, na mtoto wa Gisèle atajifunza kukaa, kutambaa, kutembea, wala hatamjua shangazi... la, mama yake mdogo! Hata jina la undugu lilimchanganya kwa woga. Akarudi mbele ya sanduku.

"Diski gani, na kwa nini?"

Wenzake wote walikuwa wanamtazama, na Aubin pia.

"Ya njano, papa," alisema, na machozi yakamlenga. "Kwa sababu ile nyeusi mkono wangu hauiwezi. Nilisema uongo. Haijakwenda moja kwa moja hata siku moja. Niliichagua kwa sababu ni nzito na kwa sababu Aubin anaitumia."

Alisubiri kicheko. Hakikuja.

"Hata mimi mwaka jana ilinishinda," Aubin alisema, akikuna kichwa. "Sikumwambia mtu."

Nshobole akaishika ya njano. Vidole vikakaa mahali pake. Akarusha, na diski ikatoka mkononi imelala sawa juu ya hewa, ikaelea, ikaelea tena, wala haikuwa na haraka. Ilitua karibu kabisa na kikapu. Katika kikapu cha nne walitoka sawa na Valentin. Katika cha tano Nshobole akapunguza mrusho mmoja. Bado mmoja.

Kikapu cha sita kilitazama ziwani, na mchana huo upepo ulitoka majini ukiwapiga usoni. Valentin akachagua tena ya njano. Upepo ukaiingia chini, ukaiinua, ukaitupa nyuma ya ukuta wa mawe. Maskini Valentin alirusha mara nne kabla minyororo haijalia.

Nshobole alikuwa ameishika ya njano. Akaiinua mbele ya upepo, akaihisi ikitetemeka. Safari hii akili yake haikwenda popote. Akairudisha, akageuza diski moja moja kusoma namba, hadi akapata ya kijani.

"Ya kijani," alisema. "Mwendo wake ni tano, mkono wangu unauweza. Lakini ina gramu mia moja na sabini. Ni nzito kuliko ya njano, kwa hiyo upepo hautaichezea."

"Rusha," alisema Papa Baharanyi.

Akairusha chini chini. Ilipasua upepo ikatua hatua tatu mbele ya kikapu. Mrusho wa pili ukalia kwenye minyororo. Miwili kwa minne! Alikuwa ameshinda kwa mrusho mmoja. Valentin, ingawa uso ulikuwa mzito, alikuja akampa mkono.

Papa Baharanyi alimwita kando. "Mutoto wangu, ulipotaja ile nyeusi nilijua unanidanganya. Nilikuwa nimekuona wiki nzima."

"Basi mbona hukuninyang'anya, papa?"

"Ningekunyang'anya diski, ungebaki na uongo. Sikiliza. Uzito unauchagua kwa kuutazama upepo, na mwendo unauchagua kwa kuujua mkono wako. Hayo yote mutu anajifunza kwa wiki moja. Lililo gumu ni kusema mbele za watu, 'Hili siliwezi bado.' Aliyeweza kusema hivyo anaweza kufundishwa kitu chochote. Asiyeweza, hata mimi sina la kumsaidia."

Akatoa kalamu, akaandika jina la nne kwenye karatasi.

"Sasa nenda kamwambie mama aandae nguo zako. Na ampigie dada yako simu aje bandarini na mtoto, Jumamosi ijayo."

Nshobole alisema aksanti. Akageuka, akakimbia mpaka Katindo bila kusimama.